Mwenye Msiba Ateremke Kwanza

Mama yangu alioshwa, akavishwa sanda na kuzikwa Dodoma, na saa hizo mimi nilikuwa Dodoma. Sikuwa ughaibuni, sikuwa hospitali, wala sikuwa nimefungwa. Nilikuwa safu ya kumi na mbili ndani ya ndege iliyokwisha kutua, mkanda nimefungua, viatu nimevua, natazama mabati ya mji niliozaliwa. Watu wakinipa pole husema ndiyo mipango ya Mungu, nami sibishani nao. Ila najua mipango mingine siku ile ilikuwa ya wanadamu, na mmoja wa wanadamu hao nilikuwa mimi.

Inabidi nieleze kwanza kazi yangu. Nimekaa Dar es Salaam miaka mingi katika ofisi inayopokea malalamiko ya wasafiri. Nilianza na mabasi, nikaja kwenye ndege. Kazi hiyo inataka mtu mwenye mdomo, na mdomo ninao. Nyumbani walikuwa wakisema ulizaliwa kwanza mdomo, mwili ukafuata. Nimewahi kumfuata meneja mpaka kwenye gari lake kwa sababu ya begi la mtu nisiyemjua. Silioni hilo kuwa sifa wala aibu, ndivyo nilivyo.

Mwaka mmoja tuliambiwa tuandike kijitabu cha haki za abiria, Kiswahili chepesi, mtu akisome akiwa amesimama kwenye foleni. Mimi nikapewa sehemu ya abiria wanaozuiliwa ndani ya ndege iliyo chini. Nikaandika wanachostahili: hewa, maji, choo kinachofanya kazi, kuambiwa sababu, na kusubiri kukizidi, wateremshwe kama ni salama. Ndipo likazuka swali: kama gari la kuwatoa ni dogo, nani atangulie? Nikaandika mgonjwa aliyemo ndani ya ndege, mjamzito, na mwenye msiba. Mwenzangu mmoja akauliza, na yule mwenye mgonjwa nyumbani je? Nikamwambia hapa Tanzania kila mtu ana mgonjwa nyumbani, tukiufungua mlango huo ndege nzima itateremka. Walicheka wote. Nilijiona hodari kwelikweli.

Simu ya kaka yangu ilikuja alfajiri, hata adhana bado. Kaka ndiye mkubwa wetu, anakaa na mama pale pale Majengo, mtaa wetu wa Dodoma, katika nyumba iliyojengwa na babu wa baba yetu, mmoja wa wale waliofika na misafara ya biashara wakaona hapa panatosha. Akaniambia mama amezidiwa kidogo. Nikipata ndege ya asubuhi, nije. Nikamuuliza kama anaongea. Akasema wewe njoo tu, utamwona.

Sasa, kwetu sisi habari ya kifo haipewi mtu aliye mbali kwa simu. Anaambiwa kuna mgonjwa. Anafunga safari, akifika anaikuta mikeka imetandikwa na wanawake wamejifunga kanga, na kabla hajauliza ameshashikwa mikono yote miwili. Desturi hiyo ina huruma ndani yake: mtu asianguke njiani kwa wasiomjua. Mimi mwenyewe nilishamfanyia hivyo binamu yangu. Nilimwambia baba yake ana homa, huku sanda inakatwa mbele ya macho yangu. Kwa hiyo mtoto wa Majengo kama mimi, akiambiwa "amezidiwa kidogo" na papo hapo "njoo leo", anatakiwa kujua. Na nilijua. Kuna mahali moyoni nilijua tangu nilipokuwa natafuta viatu gizani. Lakini jambo likiwa lako unayachukua maneno kama yalivyo, unayashika kwa mikono miwili, na huulizi swali ambalo jibu lake hulitaki. Sikumuuliza kaka kama mama yu hai. Hilo sina wa kumlaumu.

Na mimi nilikuwa na ahadi. Mama alizaa wanaume wawili na mimi peke yangu mwanamke. Alipofariki bibi, mama ndiye aliyemwosha, akaniita nimshikie kata. Alinifundisha kumimina maji polepole, kuanza upande wa kulia, kuinua mkono wa maiti kama unamwinua mtoto aliyelala ambaye hutaki aamke. Baadaye tukiwa jikoni tumechoka, akasema siku yake ataoshwa na mimi, hataki mikono ya watu. Alikuwa ameuza karanga na uwele sokoni maisha yake yote, ameshikana mikono na nusu ya Dodoma, lakini mwili wake alikuwa anauonea haya. Nikamwambia, "Nitakuosha mimi, mama." Kaka alijua ahadi hiyo. Nyumba nzima iliijua.

Ndege ilitua saa tatu na nusu asubuhi. Anayeujua uwanja wa Dodoma anajua uko ndani ya mji, unatua huku unaona nguo zilizoanikwa. Tulikimbia kwenye lami, tukapunguza mwendo, tukafika mwisho upande unaoelekea Kizota ili tugeuze, na hapo ikasikika sauti kama ya kitanda cha chuma kinachoburutwa. Tukasimama. Rubani akatangaza kwamba gurudumu la mbele lina hitilafu, mafundi wa kampuni wanakuja, tutulie nusu saa.

Nikampigia kaka kwamba nimefika, tumekwama kidogo, nusu saa tu. Akasema sawa. Nikasikia nyuma yake sauti za watu wengi. Nikajiambia ni wageni waliokuja kumjulia hali mama.

Pembeni yangu, dirishani, alikaa mwanamume wa makamo, Mgogo wa Bahi, fundi wa kuchomelea mageti huko Dar. Alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lile na hakulivua. Nusu saa ilipopita rubani akaomba nyingine. Ndipo yule fundi akaniambia baba yake amefariki jana jioni, wanazika leo saa tisa, na yeye ndiye mtoto wa kwanza, hawawezi kufukia bila mkono wake. Alisema hayo yote kwa utaratibu, kama anayesoma barua. Nikampa pole. Nikamuuliza alipewaje habari. Akanishangaa.

"Walinipigia wakaniambia baba amekufa," akasema. "Ningeambiwaje tena?"

Nikamwambia kwetu hatuambiani hivyo. Akafikiri, akasema labda kwetu ni bora, maana usiku ule alilia peke yake katika chumba cha kupanga mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akaniuliza mimi naenda kwa nani. Nikasema nina mgonjwa. Akaniombea apone. Nilimwitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Saa tano ikafika. Kiyoyozi kilikuwa kinapumua kwa shida, na jua la Dodoma, wanaolijua wanalijua, lilikuwa linapiga bati la ndege kama linatudai. Maji yalishapita mara moja, kila mtu kikombe kidogo. Nyuma watu walianza kupandisha sauti. Mkandarasi mmoja alikuwa anadai afunguliwe mlango, atatembea kwa miguu, uwanja wa baba yake huu. Alikuwa anakosea karibu kila kitu kuhusu haki zake. Siku nyingine ningesimama nimsahihishe, kisha nimwongoze tukadai pamoja. Siku ile nilibaki nimekaa. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwa tayari kuipa jina, na hofu hiyo ilikuwa inaniambia kwamba muda wote nilipo ndani ya ndege mama bado ni mgonjwa.

Kaka alipiga tena. Akauliza bado muda gani. Nikamwambia wanasema nusu saa, lakini nusu saa zao nazijua. Nikamuuliza mama je. Akasema wako naye. Akaniambia nisihangaike, nije taratibu. Mtu anayekwambia uje leo hii, halafu anakwambia uje taratibu! Ningekuwa ofisini, mlalamikaji ananisimulia hayo, ningemwambia palepale mama yako amefariki. Nilizima skrini ya simu nikaiweka mapajani.

Kisha akaja mhudumu, binti mwenye uso wa uchovu, ameinama kwenye kila safu. Mbele ya ndege lilikuwa limesimama gari dogo la kampuni. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba abiria wote hawawezi kushuka na kutembea kwenye njia ya ndege, ni hatari, mpaka ndege ivutwe. Ila wamepata ruhusa ya kutoa watu wachache wenye dharura. Nafasi ni nne. Mgonjwa, mjamzito, na mwenye msiba. Ni mpangilio wangu ule ule. Inawezekana waliusoma kwetu, au ni akili ya kawaida tu, sijui.

Jirani yangu akainua mkono. Mhudumu akampa pole, akamwomba achukue mzigo wake. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mama? Una dharura?"

Nakumbuka vizuri nilivyofungua mdomo wangu huu unaosifiwa. Nilitaka kusema nina msiba. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kumuua mama kwa ulimi wangu, hadharani, ili nipate nafasi ya gari. Na kama yu hai? Na kama nimeharakisha kuvaa uyatima kama mtu anayejaribu nguo dukani?

"Nina mgonjwa tu," nikasema.

Yule binti akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema wagonjwa wa nyumbani wako wengi, amekwisha kuwakatalia watu saba. Nikamwambia naelewa, na kweli hakuna mtu katika ndege ile aliyeelewa kuliko mimi. Fundi alipita mbele ya magoti yangu, akaniachia kiti cha dirishani. Nikahamia. Nikamwona anashuka ngazi na koti lake, anapanda gari na mama mmoja mjamzito na mzee aliyekuwa anahema. Nafasi ya nne ilikwenda tupu. Gari likaondoka taratibu, likakata lami, likapotea nyuma ya jengo.

Sijawahi kukaa peke yangu kama nilivyokaa baada ya hapo, katikati ya watu sitini na kitu. Kila mmoja alikuwa na simu yake, anasimulia tulivyokwama. Mimi nilikuwa na simu isiyolia. Kaka hakupiga tena. Niliona upepo unapandisha vumbi jekundu pembeni ya uzio, na ng'ambo bodaboda zinapita zimebeba watu wanaokwenda kwenye shughuli zao. Nilimwona mwanamke anaanua nguo kwenye kamba. Pale nilipokuwa, kwa miguu, ningefika nyumbani kabla chai haijapoa. Saa saba kasoro nikasikia adhana ya adhuhuri, kwa mbali, kupitia kuta za ndege, na nikatia kanga mdomoni nikaiuma. Mkandarasi alikuwa amenyamaza. Watoto walikuwa wamelala kwa joto.

Tuliteremshwa saa saba na nusu. Mpaka leo ukiniuliza kwa mujibu wa kazi yangu nitakwambia kampuni ile ilikosea mengi: maji hayakutosha, maelezo yalikuwa ya kubahatisha, na watu walipaswa kutolewa mapema. Sikuandika malalamiko. Karatasi niliiweka mbele yangu mara mbili, sikujua niandike nimepoteza nini.

Bajaji ilinifikisha Majengo kwa dakika chache. Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na viti vya kukodi vimepangwa, vitupu, wanaume hawapo. Nikashuka. Ndani ya ua wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na kelele zikakatika nilipoingia. Ukutani, juani, kilikuwa kimeegemezwa kile kitanda cha msikitini cha kuoshea maiti. Kilikuwa kinachuruzika bado. Chini yake udongo umelowa, na harufu ya kafuri imejaa ua mzima.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ndiye aliyenishika. Sikumwamkia. Nilimuuliza nani amemwosha. Akasema yeye na jirani wawili. Akasema wamemwosha vizuri, alikuwa mwepesi, uso wake umetulia. Alikuwa anasema hayo haraka haraka, kama mtoto anayejieleza. Nikamuuliza mikono ni ya nani, jirani gani, na nilipoambiwa nikaona wivu mchafu, wa kutaka kuikata ile mikono. Nasema ukweli. Watu wanadhani huzuni ni kitu kisafi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini kaka alikuja moja kwa moja kwangu, suruali ina udongo magotini. Alisema walinisubiri. Maji yalichemshwa saa nne, yakapoa, yakachemshwa tena. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi, sheikh naye akasema hivyo hivyo, na mimi kila nikiulizwa nasema nusu saa. Angefanya nini?

"Ungeniambia," nikasema.

"Ndani ya ndege? Ungekuwa na nani wa kukushika?"

Basi nikamweleza habari ya gari. Nilimweleza polepole, sikumgombeza. Kwamba saa tano walikuja kuuliza nani ana msiba. Kwamba nafasi ya nne iliondoka tupu. Kwamba neno moja tu la kwake lingenileta hapa na maji yakiwa bado sufuriani. Kaka ni mtu mzito, mrefu, lakini aliketi chini pale pale kwenye udongo uliolowa, mbele ya wanawake, akafunika uso kwa kofia yake. Nikajuta kumwambia. Na hapo hapo nikafurahi kwamba ameumia. Vyote viwili vilikuwepo.

Ilikuwa imekaribia alasiri simu ya kaka ilipolia. Alikuwa mdogo wetu, kitinda mimba, dereva wa lori. Alikuwa anatoka Kahama na mzigo wa mchele, naye tangu asubuhi alikuwa ameambiwa mama amezidiwa kidogo. Kaka akaitazama simu kama nyoka. Mama mdogo akatikisa kichwa: mwache afike. Nikaichukua simu mkononi mwa kaka, nikaenda nayo nyuma ya jiko.

Nilikuwa nimeshaamua. Kwangu, yaliyotokea siku ile yalikuwa na somo moja tu, nalo nilikuwa nimelilipia. Nikamuuliza kama anaendesha. Akasema hapana, ameegesha nje ya Singida, anasubiri tairi lipoe. Akauliza mama anaendeleaje.

"Mama amefariki," nikamwambia. "Alfajiri. Ameshazikwa adhuhuri hii."

Hakulia. Nilisikia malori yanampita, moja, kisha jingine refu. Nikamwambia nimemwambia kwa sababu ana haki ya kujua, na niliposikia sauti yangu niliisikia ya ofisini.

"Dada," akasema mwishowe, "niko peke yangu huku. Nilikuwa naendesha nakuja kumwona. Sasa naendesha nakuja wapi?"

Mimi habari ingenifungulia mlango wa ndege. Yeye ilimkuta mama keshafukiwa, kazi yote imekwisha, na mbele yake saa nne za barabara na mzigo wa mtu. Singemrudishia ile asubuhi yake ya kuwa na mgonjwa. Nikamwambia anisamehe. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti aliyokuwa nayo kabla hajabaleghe, "Lakini ulimwosha wewe?"

Nilitazama ule ua. Kitanda kilikuwa kimeanza kukauka.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwosha mimi."

Akaniomba nimweleze. Nikamwambia nilianza upande wa kulia. Nikamwambia mkono wake ulikuwa mwepesi, nikauinua hivi, nikamimina maji kidogo kidogo, na nywele nikazisuka mikia mitatu, na hakuna mtu mwingine aliyemgusa. Nilieleza mpaka miguu, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu, mpaka nikamsikia anapanda garini na kufunga mlango.